Deni la Goti

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Kauli hiyo imezoeleka mno, na aghalabu hutajwa kwa nia ya kumfariji mtu. Lakini anayepita Mtaa wa Kongo au wa Msimbazi, Kariakoo, jua la mchana likiwa utosini, akamwona kuli amejipinda chini ya robota la nguo, hana budi kujiuliza: mtaji huo ukipungua, hujazwa na nani? Mwenye duka huagiza mzigo mpya kwa faida ya mzigo wa jana. Faida ya kuli ya jana imekwisha liwa jana hiyo hiyo, na kilichopungua ili ipatikane ni goti.

Ncha za mifupa ndani ya goti zimevikwa gegedu, kitu cheupe, laini, chenye utelezi. Gegedu halina mishipa ya damu, wala halina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo huumia kimya kimya, na likishalika halijiungi lenyewe kama mfupa uliovunjika. Tabibu William Hunter aliliandika jambo hilo huko London mwaka 1743, na kwa miaka mia mbili na zaidi hakuna aliyekuwa na neno la kumkanusha.

Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, miongoni mwao Mats Brittberg na Lars Peterson, walitoa habari za watu 23 waliotibiwa kwa chembe za miili yao wenyewe. Kipande kidogo cha gegedu zima kilikatwa pahali pasipobeba uzito mwingi. Chembe hai zake zikaoteshwa maabarani kwa wiki mbili hadi tatu, mfano wa mbegu kitaluni, zikaongezeka. Kisha goti likafunguliwa mara ya pili, chembe zikamiminwa penye jeraha, chini ya kiraka cha utando uliotolewa kwenye mfupa wa mgonjwa huyo huyo. Kati ya 16 walioumia ncha ya mfupa wa paja, 14 walipata nafuu njema. Kati ya 7 walioumia kwenye kilegesambwa, yaani pia ya goti, ni 2 tu. Si muujiza, basi. Uchunguzi wa Norway uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 80, haukuona baada ya miaka miwili kwamba tiba hii inaishinda ile nyepesi ya kutoboa vijitundu mfupani ili damu ya uboho ipande. Aidha, goti lililokwisha sagika lote halifai kwa tiba hii. Hufaa kwa jeraha lenye mpaka, katika goti ambalo bado lina uhai wa kugawa.

Hata hivyo, mshairi yeyote angetamani kuubuni mfano kama huu: sehemu iliyosalimika inaikopesha sehemu iliyojeruhiwa, pasi na kuomba kwa jirani. Na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu atasema: mwili wake, chembe zake, basi na deni ni lake. Mwingine anadaiwa nini?

Chembe zilizopandwa zinahitaji kitu ambacho maabara haiwezi kukiotesha, nacho ni mapumziko. Wiki za mwanzo mgonjwa hutembea kwa magongo. Kazi nzito huweza kungoja mwaka mzima. Chembe haijui kodi ya chumba, wala haijui kwamba watoto wanakula leo. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, ni sheria ya matibabu. Unga wa siku za kukaa kitako si habari yake. Basi gharama kubwa ya kuli haimo kwenye kisu. Mwenye mkokoteni anapoukodisha huhesabu kuchakaa kwa tairi ndani ya kodi yake. Kuli anapolikodisha goti, nani huhesabu kuchakaa kwake? Mwenye mzigo hulipa ujira wa safari akadhani ameshamaliza. Amelipia mwendo, goti hakulilipia.

Wala deni hili si la leo. Kariakoo yenyewe ni jina la wapagazi: Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi pale. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu kwa shaba nyeusi ni askari peke yake. Mchukuzi alipewa maneno. Visiwani huitwa hamali, na anayezijua asili za maneno hatashangaa kwamba hamali na kuhimili ni ndugu wa shina moja.

Hapo Muhimbili, ambapo leo ipo taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, jengo moja la wagonjwa linaitwa Sewa Haji. Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, na akatoa mali yake ili Dar es Salaam ipate hospitali. Ukarimu wake haukanushiki. Ila mali ile ilipita kwanza juu ya mabega ya watu, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, na jina la Wanyamwezi limebaki kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo. Kutoka mtaa huo hadi jengo hilo si mbali. Mwenye magoti mazima hufika kwa miguu. Asiye nayo hana budi kwanza kuuacha mkokoteni, na mkokoteni wa kukodi hudaiwa fedha yake jioni, usukumwe usisukumwe.