Riba ya Mkubwa na Riba ya Mdogo

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya Benki Kuu ni ya mabwana wa Dar es Salaam, na kwamba mama aanikaye dagaa juu ya mchanga wa Ziwa Victoria hana haja ya kuyajua. Sisi twaona sivyo. Kila familia yenye akiba kidogo, au yenye deni, imo ndani ya mambo hayo, ijue isijue. Kwa hiyo leo twauliza swali moja la haki: je, ni sawa kwamba aliye maskini kuliko wote ndiye anunuaye fedha kwa bei kubwa kuliko wote?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno. Wataalamu wa fedha wamelichukua neno ukwasi, ambalo kwa wazee wetu lilikuwa utajiri tu, wakalipa maana nyingine: fedha iliyo tayari kutumika leo. Mtu aweza kuwa na mali na asiwe na ukwasi wa namna hiyo. Mvuvi wa dagaa ana mtumbwi, nyavu na taa. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kazi husimama. Siku hizo mali yake ipo pale pale ufukoni, ila chakula cha watoto hakingoji giza lirudi. Mkulima wa pamba wa Usukuma naye hutoa muda mrefu, akapokea msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei au Juni.

Mabenki nayo hupatwa na hali hiyo hiyo. Leo moja ina fedha za ziada, nyingine imepungukiwa kwa kuwa wateja wake wametoa amana. Basi hukopeshana kwa usiku mmoja au kwa siku saba, na hilo ndilo soko la fedha. Benki Kuu hulisimamia: fedha zikizidi huzivuta, zikipungua hukopesha. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania huliongoza soko hilo kwa kutangaza riba yake. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi wa Aprili mwaka huo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025.

Mamlaka hayo hatukuwa nayo sikuzote. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilikaa London hadi 1960, na kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha paundi kwa shilingi na shilingi kwa paundi. Benki yetu wenyewe ilifunguliwa Juni 1966. Tangu hapo uamuzi ni wetu, na lawama pia ni yetu.

Wako wasemao: kwa nini Benki Kuu isiachie fedha nyingi tu, ili wote wapate? Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 wanalo jibu. Kwa sehemu kubwa ya miaka ile bei zilipanda karibu asilimia 30 kila mwaka. Kwa mwendo huo, akiba iliyofichwa chini ya godoro hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake katika miaka mitatu, bila mwizi yeyote kuvunja mlango. Tajiri aliweza kukimbilia nyumba, ng'ombe au dola. Maskini alibaki na noti zake. Kulinda thamani ya shilingi, ambako Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 yakutaja kuwa lengo la kwanza, ni kumtendea haki mdogo.

Lakini haki hiyo haijakamilika. Tazameni jinsi bei ya fedha inavyopanda kadiri inavyomshukia mnyonge. Wakati Benki Kuu ikitangaza asilimia 5 au 6, mabenki ya biashara yamekuwa yakitoza asilimia 15 hivi kwa mwaka. Kampuni ndogo za mikopo zisizopokea amana zimewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 42 kwa mwaka. Na chini yao wako wakopeshaji wasiojali sheria, ambao mikopo yao watu wameiita kausha damu. Papa Pio wa 11, katika barua yake ya mwaka 1931, Quadragesimo Anno, alikwisha kuonya juu ya wale washikao mikopo, kana kwamba wameishika damu ya uchumi wote. Wananchi wetu wamelipata neno hilo wenyewe, bila kusoma Kilatini.

Mkopeshaji atajibu kwamba mkopo mdogo una gharama kubwa ya kuufuatilia, na kwamba mama wa dagaa hana hati ya kuweka rehani. Ni kweli, na kazi yastahili ujira wake. Wala amri peke yake haitoshi: Kenya iliweka ukomo wa riba za mabenki mwaka 2016, na wakopaji wadogo wengi wakanyimwa mikopo, hata sheria ile ikaondolewa mwaka 2019. Basi twapima hivi: ujira wa kazi na wa hatari ni halali, lakini ile sehemu inayotozwa kwa sababu tu mtoto wa mwenzako ni mgonjwa na hana pa kwenda, hiyo si ujira, ni unyang'anyi.

Njia ipo. Julai 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba nayo yasimtoze mkopaji zaidi ya asilimia 10. Sharti la namna hiyo, likifuatiliwa hadi Ukerewe na Sengerema, laweza kuifikisha riba ya mkubwa kwa mdogo. Nasi tusikae tukingoja. Familia zinazoweka akiba pamoja usiku wa giza, katika chama chenye hesabu za wazi na viongozi waaminifu, huwa na fedha zao wenyewe mbalamwezi ifikapo. Na mwenye fedha miongoni mwetu ajiulize, kabla ya kutaja riba yake, kama angethubutu kuitaja mbele ya watoto wa mkopaji.