Bibi Ndiye Mtani wa Kwanza

Wajukuu zangu mnaopeleka watoto darasa la kwanza Januari hii, sare mmeshashona na madaftari yapo. Limebaki jambo ambalo haliuzwi dukani. Mtoto atachekwa. Atachekwa kwa jina, maana kwetu wapo akina Shida, Tabu na Sijaona. Atachekwa kwa shati lenye vumbi, na wanaomcheka wanajua fika kuwa huku Umakondeni tangu mradi wa maji wa miaka ya 1950 tunategemea maji yasukumwe kutoka bondeni, na yasipopanda ni ndoo kichwani. Aliyehamia kutoka Dar es Salaam ataambiwa hajaingia jandoni, alitahiriwa hospitali tu. Na mtoto wa huku Chiwata akienda kwa mjomba wake Dar, huko nako ataulizwa kama jana alikula panya.

Zamani mtoto hakuandaliwa kwa hotuba. Bibi ndiye aliyemwandaa. Mjukuu wa kike anaitwa mke mwenza, anaambiwa ugali wake mbichi, mume hatarudi. Naye, hata jino la kwanza halijang'oka, anajua kujibu: "Mume amekukimbia wewe, bibi, huna hata meno ya kumchekea!" Wanacheka wote, kisha bibi anammenyea korosho za kuchoma. Hapo mtoto amekwisha kujua kwamba anayemchokoza si lazima awe anamchukia, na kwamba jibu fupi lenye kicheko humkata mchokozi maini kuliko ngumi. Amejua pia kuwa kuna mahali mtani hafiki: bibi hamcheki mjukuu kwa kilema chake wala kwa mama aliyefariki.

Utani wa makabila nao si chuki. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya bara na pwani, Wapare na Wachaga wanaendelea hadi leo. Mtani anayekuja kukufanyia vituko msibani ndiye huyo huyo anayeshika kazi za msiba. Sasa huyo wa darasa la tatu anayemwita mwenzake majina kila asubuhi, amemshikia kazi gani?

Wengi wenu mnaishi mbali na bibi, basi ifanyeni kazi yake. Jioni mchokoze mwanao kwa jina lake. Akinuna, mpe jibu, alirudie mpaka alitamke akikutazama usoni: "Naitwa Shida, ila ya kwako imenizidi." Msimwambie "nyamaza, watachoka", wenzake hawachoki upesi hivyo. Wala msimwambie "mpige", maana siku zote yupo mwenye kaka darasa la saba.

Yapo yasiyojibiwa. Mtoto mwenye ualbino akiitwa "dili", baada ya mauaji ya watu wenye ualbino huko Kanda ya Ziwa ya miaka ya 2007 na 2008, hilo ni tishio. Akimbilie kwa mwalimu wa zamu, nawe mzazi ufike shuleni kesho yake. Fanyeni vivyo hivyo kwa kundi linalomzingira mmoja na kumnyang'anya hela ya andazi. Na anayeanzisha akiwa mwalimu (wapo wanaomwita mtoto "bonge" mbele ya darasa, na inanichefua), mfuate faragha kwanza, kwa adabu. Asiposikia, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwenye kamati ya shule.

Lipo ambalo wazazi hawapendi kulisikia: huenda mchokozi ni wako. Maneno ya panya na ya mashati machafu aliyaokota mkekani, mlipokuwa mnamsengenya jirani. Akirudi na kisa cha kumcheka mwenzake, usianze na fimbo. Muulize mwenzake alijibu nini. Akisema alinyamaza, au alilia, mpeleke kwao yule mtoto siku hiyo hiyo kabla ya magharibi, akaombe radhi, na uende naye wewe mwenyewe, usimtume dada yake.