Samaki Wachanga na Amri ya Saba

Wakatekumeni wapenzi, ninyi mkaao kando ya ziwa Tanganyika,

Tazameni wavu upandishwao usiku. Ndani yake mna ndagala wachanga, wembamba kama sindano. Mvuvi asema: «Ni wangu, nimewataabikia.» Je, asema kweli?

Zamani Mungu aliwaamuru Waisraeli: mtu akikuta ndege ameatamia makinda, asimtwae mama pamoja na watoto. Ale leo, lakini ndege wasiishe. Basi, avuaye kwa chandarua cha mbu atwaa wote pamoja. Amwibia jirani yake, amwibia na mtoto asiyezaliwa bado.

Wengine husema: «Nitawarudisha majini.» Ni vema kwa samaki mwenye nguvu. Lakini ndagala akiisha kupandishwa hufa upesi, kumrudisha hakumponyi. Huruma ianze pwani, wakati wa kuchagua wavu.

Nchi nne zenye ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana lifungwe tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti 2024, samaki wapate kuzaa na kukua. Najua, miezi ya namna hiyo vyungu vingi hukauka. Kwa hiyo ashikaye sheria huku jirani yake alala na njaa, ameshika nusu tu. Mwenye shamba amgawie mvuvi mihogo. Naye mvuvi atakumbuka siku ya samaki.

Azimio: Pimeni matundu ya nyavu zenu mbele ya Mungu, kabla ya kuingia mtumbwini.