Neno "Sina"

Nenda soko la mifugo hapa Isiolo asubuhi, vumbi likiwa bado halijapanda, ujaribu kukisia tajiri ni nani. Utakosea. Yule mzee aliyeegemea fimbo, kikoi kimepauka, akala zimeliwa upande mmoja, huenda ameacha ng'ombe mia malishoni kule Merti. Usimuulize ni wangapi. Kwa mfugaji swali hilo ni utovu wa adabu, sawa na kumwambia mtu akufungulie pochi uchungulie. Na yule kijana mwenye miwani myeusi, simu mbili mkononi, ufunguo wa gari ukizungushwa kidoleni, huenda gari ni la kukodi na simu moja haina hata salio.

Nimewahi kuwa kijana huyo. Kwenye harambee ya harusi mtaani Bulla Pesa (jina lenyewe kama linanicheka), mshereheshaji aliniita mbele, akaongeza, "Huyu ndiye mtu wetu wa Nairobi." Mfukoni nilikuwa na shilingi 3,000. Nikausikia mdomo wangu ukitaja 20,000. Makofi yalipigwa, kina mama wakapiga vigelegele, nami nikatembea kurudi kitini kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilikopa kwa simu, nikakopa tena kulipa mkopo wa kwanza, na baada ya miezi minane deni likaisha. Hilo ni jambo dogo. Kubwa lilikuja mwaka huohuo, mama alipolazwa na pesa zikatakiwa kabla ya jioni. Nilishika simu nikapitia majina. Watu walikuwepo, tena wengi, walewale waliopiga makofi. Ningeanzia wapi kuwaambia?

Gharama ya kujifanya tajiri tumezoea kuihesabu kwa shilingi. Mwanauchumi Thorstein Veblen, katika kitabu chake cha 1899 kuhusu tabaka la watu wa starehe, alionyesha jinsi watu wanavyotumia mali hadharani ili wanunue heshima. Ni kweli, ila jicho lake lilikuwa kwenye kinachonunuliwa. Mimi kilichonisumbua ni nilichokitoa. Usiku ule wa harambee niliuza haki ya kusema "sina".

Waborana, wafugaji wa huku kwetu, wana utaratibu wanaouita busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo kwa ukame, maradhi au uvamizi, ukoo hukaa, humsikiliza, kisha humchangia wanyama wa kuanzia upya. Wengi huuona kama hisani tu. Kwangu hisani yenyewe inasimama juu ya jambo jingine: hakuna kinachoanza mpaka mtu atamke mbele ya wenzake kwamba zizi lake ni tupu, na majirani waitikie kwamba ndiyo, tumeliona. Ng'ombe hawaigizwi, wala hawakodishwi kwa Jumamosi moja ya harusi. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Sisemi busa gonofa iliwaokoa wote. Ukoo mzima ukifilisika, wa kumpa mwenzake atatoka wapi? Lakini aliyefilisika hakuhitaji kwanza kuungama uongo ndipo aombe.

Sisi wa mjini tumeitoa mali zizini tukaiingiza kwenye simu, mahali pasipo na jicho la jirani. Na mali isiyoonekana hudai shahidi: kiatu, gari, ahadi inayosomwa kwa kipaza sauti. Shahidi wa namna hiyo anakodishwa. Ajabu ni kwamba ukishamkodi, wanaomwamini ni wale unaowapenda, na ndio watakaokuletea karo, mazishi na mtaji wa boda boda. Wahenga walisema ukubwa jaa. Ukubwa wa bandia nao hutupiwa taka zilezile.

Mwanauchumi Adam Smith angenikemea hapa. Mwaka 1776 aliandika kwamba kibarua wa Ulaya ya wakati wake angeona haya kutoka hadharani bila shati la kitani, japokuwa Wagiriki na Warumi wa kale waliishi bila kitani. Namwelewa. Kijana anayekwenda kuomba kazi ofisi za kaunti ana haki ya kupiga viatu rangi hata kama hajanywa chai, na atakayemwita mwongo hajawahi kuhangaikia kazi. Viatu vile vinamwezesha aingie pale walipo watu. Ahadi yangu ya 20,000 iliniondoa walipo watu.

Nawatazama kina mama wa maziwa ya ngamia wakipakia mitungi yenye harufu ya moshi kwenye basi la Nairobi. Buibui limejaa vumbi hadi magotini. Mmoja humwambia mwenzake kwa sauti ya juu, abiria wote wakisikia, "Leo sina, nilipie nauli ya mtungi, kesho nitakurudishia." Mwenzake hulipa bila hata kugeuka. Pesa zinazopita mikononi mwao kwa mwezi zingewaaibisha vijana wengi wa miwani myeusi.

Mwaka jana niliitwa mbele tena, harusi nyingine, mshereheshaji mwingine. Nikasema, "Jamaa, leo sina. Nina 1,000." Ukumbi ukacheka, wakidhani ni utani wa kuwachangamsha. Nikarudia. Kicheko kikakauka, mtu nyuma akanong'ona kitu, na mshereheshaji akaita jina linalofuata.

Siku hizi ndugu zangu kadhaa wanaamini kwamba nina pesa nyingi sana, ila nimekuwa bahili.