Moshi Utazikwa Wapi?

Ndugu zangu wa Kasense, yakumbukeni malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambamo babu zetu wa Ufipa waliyeyushia chuma. Lungu lilikula mkaa, mkaa ukala miti, na leo tunaishi katika nchi ya nyasi na upepo.

Moto mwingine unatungojea. Makaa ya mawe yamelala Namwele na Mkomolo. Nani kati yetu hajasomea kibatari? Miaka mingi Sumbawanga imewashiwa taa kwa umeme wa kununua Zambia, na makaa tunayo chini ya nyayo! Anayeyatamani simlaumu.

Lakini sikieni. Tani moja ya makaa mazuri ikiungua huzaa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni huikamata oksijeni ikapaa nayo. Haina rangi wala harufu, ndiyo maana tunaisamehe upesi. Kilio kinakuja hewa hiyo ikiipasha dunia joto, mvua zikipotea njia, mahindi yakikaukia kwenye matuta.

Wataalamu wanasema hewa hiyo itanaswa ndani ya mtambo wenyewe wa umeme. Ni kweli: kwenye mtambo wa makaa wa Boundary Dam, nchini Kanada, tangu 2014 moshi hupitishwa kwenye dawa inayoishika hewa hiyo, kisha hewa yenyewe husukumwa chini ya ardhi. Ila mtego huo hula sehemu ya umeme uleule. Na kule Kemper, Mississippi, Marekani, walimwaga zaidi ya dola bilioni 7 kwenye mtambo wa namna hiyo, kisha mwaka 2017 wakayaacha makaa wakabaki na gesi. Basi mkiambiwa mtego utafungwa baadaye, kataeni! Uwe kwenye ramani tangu tofali la kwanza.

Na ikinaswa, itazikwa wapi? Hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Sisi ni watu wa Bonde la Ufa. Huko Rungwe hewa hiyohiyo hutoka ardhini yenyewe, watu wakaijaza mitungini kwa ajili ya soda. Na mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kameruni, liliitapika usiku, likaua zaidi ya watu 1,700. Anayetaka kuzika kwetu atuonyeshe kwanza mwamba utakaoifunika.

Watu wa Lamu waliuliza, na Juni 2019 baraza la rufani za mazingira la Kenya likafuta kibali cha mtambo wa makaa wa megawati 1,050. Nanyi, siku wageni watakapokuja na ramani, msijifiche nyuma ya ukumbi. Akina mama, kaeni mbele. Ulizeni nani atalilinda kaburi hilo miaka mia ijayo, na kwa fedha za nani. Wasipojibu, msipige makofi.