Rangi Isiyokuwapo

Kuitia rangi filamu ya zamani iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe huonekana kwa wengi kuwa ni jambo la mafundi. Filamu imechakaa, chombo cha kuitia rangi kipo, na watazamaji wa leo wamezoea rangi. Basi na itiwe, yaishe. Hata hivyo, ndani ya jambo hilo mna suala la maadili lisilo jepesi. Msanii amekufa na ameiacha kazi yake katika hali aliyoiacha. Aliye hai ana haki gani ya kuiongezea kile ambacho marehemu hakukiweka? Suala hili halimpiti kando mpenzi wa ushairi, kwani naye ni mrithi wa kazi za waliotangulia, na urithi una adabu zake.

Mfano ulio wazi ni wa machale wawili waliopendwa duniani kote, Stan Laurel, Mwingereza mwembamba, na Oliver Hardy, Mmarekani mnene. Mwaka 1932 walitoa filamu fupi iitwayo The Music Box, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka huohuo. Kisa chake ni chepesi: masahibu hao wanatakiwa kupeleka piano, iliyofungwa ndani ya sanduku la mbao, kwenye nyumba iliyo juu ya kilima, na mbele yao pana ngazi ndefu kupita kiasi. Piano inapandishwa, inateleza, inashuka yenyewe hadi barabarani, inapandishwa tena. Wanapofika juu kwa taabu, tarishi anawaambia kwamba ipo barabara inayozunguka kilima hadi mlangoni. Ndipo wanapoishusha piano ngazi zote ili waipandishe kwa gari. Hardy alifariki mwaka 1957 na Laurel mwaka 1965. Katika miaka ya 1980 filamu hiyo ilitiwa rangi kwa kompyuta. Wenyewe hawakuwapo kuulizwa.

Ni nini basi kilichoongezwa, na ni nini kilichopungua? Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zinaweza kutoa mizani ya kulipima jambo hili. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita chini yake, Ipogolo. Mtu aliyewahi kupanda na mzigo kutoka Ipogolo hadi mjini, au anayeishi kwenye miteremko ya mlima Loleza kule Mbeya, hahitaji kufasiriwa kichekesho cha piano. Anakijua kwa magoti yake. Anajua kwamba mzigo una inda, na kwamba hakuna uchungu unaoshinda ule wa kuambiwa, umekwisha kufika, kwamba ilikuwapo njia nyingine. Kicheko hicho kimejengwa kwa uzito, kwa mteremko na kwa subira. Sanduku likipakwa kahawia au kijani, uzito wake haubadiliki.

Lakini baina ya mikoa hiyohiyo ya Nyanda za Juu pana uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Msimu wa mvua uwanda huo hujaa maua ya mwituni, okidi zikiwamo, kiasi kwamba watu husafiri mbali kwenda kuyatazama. Filamu ya Kitulo isiyo na rangi ingekuwa imekosa jambo lenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba rangi ni pambo tu kila mahali, wala si kweli kwamba kila kisicho na rangi kina upungufu. Yapo mambo ambayo uhai wake ni rangi, na yapo ambayo uhai wake ni umbo na mwendo. Mwenye kuitia rangi kazi ya mwingine hana budi kwanza kujua yuko mbele ya jambo la namna gani.

Tena nyeusi na nyeupe haikuwa ukosefu tu. Ilikuwa lugha iliyomfinyanga msemaji wake. Macho ya Laurel yalikuwa ya buluu hafifu, na filamu za awali hazikuweza kuyanasa: yalitoka meupe, kama macho ya kipofu, na jambo hilo lilimkwamisha katika miaka yake ya mwanzo. Ilipokuja aina mpya ya filamu iliyohisi rangi zote, macho yake yakaonekana, na uso ule wa mshangao ukapata makao. Nywele zake zilikuwa nyekundu, nayo mamilioni waliomcheka hawakulijua hilo. Je, mtia rangi anajuaje? Hapa haki itendeke: ushahidi upo. Mwaka 1943 wachekeshaji hao walionekana katika filamu fupi ya rangi iliyotolewa na idara ya misitu ya Marekani kuhusu matumizi ya mbao, na humo nyuso zao zimehifadhiwa kama zilivyokuwa. Mwenye kuwatia rangi nyuso ana pa kushika. Lakini kuta za nyumba, nguo za wapita njia na rangi ya mlango hazina shahidi kama huyo. Hapo mtia rangi hukisia, na kisio lake humfikia mtazamaji kwa sauti ileile ya uhakika.

Wapenzi wa tungo za pwani wanalifahamu tatizo hili kwa jina jingine. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalihifadhiwa kwa hati za Kiarabu na katika vifua vya watu. Hati hizo, kwa desturi ya zamani, hazikutenganisha e na i, wala o na u. Kila aliyeyahamisha mashairi kwenda herufi za Kirumi alilazimika kuamua ni irabu ipi. Alilazimika, kwa maneno mengine, kuyatia rangi. W. E. Taylor hakukisia peke yake: alimtegemea Mwalimu Sikujua, aliyeyajua mashairi na watu waliotajwa ndani yake. Hichens alipoichapisha diwani mwaka 1940, miswada haikutupwa. Imo katika maktaba ya SOAS, London, na kwa sababu hiyo wataalamu waliofuata wameweza kurudi na kusahihisha. Kazi ile ilikuwa halali kwa mambo mawili: palikuwa na shahidi, na asili ilibaki.

Upo upande wa pili wa shauri, nao una nguvu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Ilipowafikia watu wa Mbeya na Iringa, ilikuja na rangi zake. Kwa kijana wa huko, nyeusi na nyeupe haikuwa kamwe picha ya sebuleni inayocheka na kusema. Ilikuwa picha ya babu ukutani. Akiona filamu isiyo na rangi hudhani ni habari za wafu, akaondoka kabla ya piano kuanza kuteleza. Ikiwa rangi ndiyo itakayomkalisha, basi kuikataa kwa jina la heshima ni kumzika Laurel mara ya pili. Kazi ya kuchekesha isiyomchekesha mtu haijahifadhiwa, imewekwa tu.

Sheria nayo imejaribu kupita katikati. Warithi wa John Huston walipopinga filamu yake ya mwaka 1950, The Asphalt Jungle, kuoneshwa Ufaransa ikiwa imetiwa rangi, mahakama ya juu ya nchi hiyo iliwapa haki mwaka 1991. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Lakini sheria huuliza nani ana haki ya kukataza. Maadili huuliza zaidi: anayeruhusiwa afanyeje? Jibu limo katika mfano wa Muyaka. Aseme wazi kwamba rangi ni yake na si ya marehemu. Aoneshe alipojua na alipokisia. Na asiifungie njia ile asili, bali aiweke kando ya nakala yake, ili kijana aliyeingia kwa mlango wa rangi aweze siku moja kuitazama ilivyokuwa.

Suala hili halitabaki la Marekani peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika ilitengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayetapeliwa Dar es Salaam. Mwigizaji wake mkuu, Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 na akafariki mwaka 2009. Atakayetaka kuitia rangi filamu hiyo atahitaji mashahidi wa mitaa ile, nguo zile na maduka yale. Wazee waliokuwa watoto wakati huo, iwe Dar es Salaam, Iringa au Mbeya, ni wachache, na kila mwaka wanapungua.