Chini ya Mretemu
Soma 1 Wafalme 19:4–8 na Mithali 23:29–35.

Eliya aliomba afe. Mungu hakuanza na karipio. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika na mkate na maji. Maswali yalikuja baadaye.

Wengi wenye sonona hukimbilia pombe. Kwa saa chache moyo hutulia. Lakini pombe huufifisha ubongo na kuvuruga usingizi, na asubuhi huzuni hurudi ikiwa nzito zaidi. Ndipo mtu hukitafuta kikombe tena, kama mlevi wa Mithali.

Je, huyu ni mwenye dhambi au mgonjwa? Msamaria hakungoja jibu la swali la namna hiyo. Alifunga jeraha kwanza. Toba ni ya lazima. Hata hivyo, mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafula waweza kupata degedege, hata kifo. Basi maombi na daktari huenda pamoja.

Tafakari: Je, yuko mtu ambaye jina lake limejadiliwa katika baraza la kanisa, lakini hakuna aliyebisha hodi mlangoni pake? Utampelekea nini juma hili?